Upepo Uliovuka Barabara Muhokya

Muhokya, Kasese

Mama, shikamoo. Goti lako limepoa? Mimi na mkwe wako tu wazima wa mwili. Moyo ndio haukutulia, na kwenye simu nilishindwa kusema.

Ugonjwa wa miguu na midomo umeingia zizini kwetu. Ulianza kwa Mama Biira, mjane anayeishi ng'ambo ya barabara. Niliposikia tu nikafunga lango. Ng'ombe hawakutoka, maji niliwachotea mwenyewe, na mgeni hakukanyaga. Hata hivyo, siku ya tano nilimkuta Kito, yule jike mweusi, anadondosha mate, ulimi umejaa malengelenge, mguu hauwezi kugusa chini.

Nikavuka barabara kwa hasira. "Umeleta ng'ombe zako kunywa kwangu!"

"Safia, ng'ombe yangu haikuvuka. Mungu anajua."

Sikumwamini. Wiki nzima sikumsalimia.

Kisha ndama wa Kito akafa. Alikuwa ananyonya, akaanguka, basi. Mama, nilikaa palepale kwenye samadi nikakumbuka asubuhi za kwetu Singida, wewe unakamua huku unaimba chinichini, mimi nimeshika mkia usikuchape usoni. Na maziwa yale yenye harufu ya moshi wa kibuyu! Huku wanakamulia kwenye madebe. Siku hiyo nilitamani uwepo, hata kama ni kunigombeza tu.

Daktari wa mifugo alipokuja nilimwuliza nani kaniletea ugonjwa.

"Hiyo hakuna mutu alileta," akasema. "Ng'ombe mugonjwa anapumua, upepo inabeba mpaka kwako. Lango yako itafunga upepo?"

Aibu ilinishika, Mama. Nilivuka tena, nikamkuta Mama Biira anamsuuza ng'ombe mdomo kwa maji ya chumvi.

"Nilikukosea," nikamwambia.

Alinipa kamba. "Shika kichwa."

Tulipomaliza wa kwake, alibeba beseni akavuka nami hadi kwa Kito. Amekuja kila siku tangu hapo. Soko la mifugo bado limefungwa na maziwa hayauziki, lakini jana Kito alitafuna majani mabichi, taratibu, akameza. Mama Biira akapiga vigelegele peke yake mpaka waendesha boda boda wakasimama kutazama.

Nisalimie kaka mkubwa, shangazi mshonaji, na bibi, umsemeshe karibu na sikio. Waambie nawakumbuka kila siku.

Mwanao wa mbali,
Safia