Darasa la Mama Sokha

Buffalo, 8 Novemba 2015
Miaka minne na miezi mitano tangu niondoke

Mama yangu mpendwa,

Goti limepona, au bado unapanda kwenda kanisani kwa fimbo? Nijibu kweli, usinifiche. Sisi ni wazima wa mwili. Moyo wangu ndio mgonjwa, na mimi pia sitakuficha.

Unajua hapa Marekani nilianzia Louisville, nikaenda Columbus, mgongo ukakataa mizigo ya ghala, ndipo tukaja huku. Sasa nakunja mashuka ya hospitali katika kiwanda cha kufulia. Aliyekuwa akishika upande wa pili wa shuka ni Mama Sokha, mwanamke mzee wa Kambodia. Vidole vyake vinapinda kwa nyuma mpaka unaogopa vitavunjika. Alinicheka, akasema vyangu vinajua jembe tu. Alijifunza ngoma ya watu wake, Wakhmer, akiwa mtoto. Kisha vita ikaja, walimu wake wakauawa. Alitaka kufundisha watoto wa mtaa wetu, wa kwao na wa kwetu, hawa ambao wazazi wao wanashinda kazini na wao wanashinda kwenye televisheni. Hakuwa na mahali. Bon, nikamwombea chumba cha chini cha kanisa letu, na mchungaji akakubali.

Mama, ungemwona mjukuu wako Neema. Kila jioni alibonyeza vidole juu ya goti ili vipinde. Mtoto anayenijibu kwa Kiingereza nikimwita kwa Kiswahili, alikuwa anahesabu hatua kwa Kikhmer. Mwezi mzima walifundishwa kutembea tu, na hakuna aliyechoka.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa nilikwenda kumchukua mapema. Nikakuta watoto wamepiga magoti, viganja pamoja, mbele ya meza yenye matunda, mishumaa, ubani na taji la ngoma. Nikaona ni ibada ya sanamu. Sikuuliza. Nilizima mishumaa, nikamfokea Mama Sokha mbele ya watoto, nikamvuta Neema mkono. Kesho yake nilisimama kanisani nikaeleza. Wiki hiyo hiyo chumba kilifungwa.

Siku ya nne Neema alinifuata. Alisema, na kwa Kiswahili:

“Baba, alikuwa anashukuru walimu wake. Walikufa, hawana kaburi. Unashukuru kwanza, ndipo unacheza.”

Mama, wewe kabla ya kuanzisha wimbo wa arusi humtaji bibi aliyekufundisha? Nimekusikia tangu utoto wangu. Nilisahau.

Nilirudi kwa mchungaji. Akasema wazee wa kanisa wamekwisha kuamua, na mimi ndiye niliyewaletea habari. Nikampa Mama Sokha sebule yetu afundishie. Alikunja shuka mpaka mwisho, ndipo akajibu kwa Kiingereza chake kidogo: “Wazazi wanaogopa. Wewe uliwaogopesha. Mimi nimezeeka, siwezi kuanza tena.” Mwezi uliopita aliacha kazi, akahamia kwa mwanawe mji mwingine. Nguo za ngoma alizowashonea watoto amekwenda nazo.

Mama Neema akitoka kazini kwake, anakohudumia wazee, hanigombezi. Aliniambia mara moja tu: “Waliotukimbiza kutoka kwetu Uvira walikuwa na bunduki. Wewe umetumia mdomo.”

Neema hachezi tena. Nilimwambia tukija huko utamfundisha ngoma zetu. Akasema hataki kujifunza kitu ambacho mimi ninaweza kukifunga.

Nisalimie dada yangu anayeuza samaki wa ndagala sokoni, mjomba fundi baiskeli, na shangazi aliyeniuguza surua. Waambie niko hai. Haya mengine usiwasomee.

Nategemea kufika Desemba ya mwaka ujao, karatasi za uraia zikitoka. Tandika kitanda kimoja tu. Neema amesema hatakuja.

Mimi mwanao uliyemlea vizuri kuliko hivi,
Byamungu