Sita za Mama

Shoga, leo nimeumbuka darasani mpaka nimerudi na mkoba wa mwenzangu.

Si mwalimu wetu wa hesabu wa darasa la watu wazima alitwambia tucheze ludo na mtu wa nyumbani? Kila mmoja arushe dadu mara sitini, tuandike sita zimetoka ngapi. Nikaandika: mimi tisa, mama ishirini na sita.

Akasoma mbele ya wote! "Nafasi ya sita ni moja kati ya sita, kwa hiyo tunategemea kama kumi hivi. Ishirini na sita? Fundi cherehani, mama yako anaiba!"

Wakacheka. Anaiba! Mama yangu! Nikasimama nikafoka, "Mama yangu hana tabia hiyo!"

"Basi kesho mlete, arushe tuone."

Nikajibu sawa. Nikajibu SAWA, shoga, na wewe ndiye uliyenishika mkono makaburini tulipomzika.

Nilikuwa namrushia mimi. Sita ikikataa, mara nyingine nafuta, narusha upya. Bila sita kete yake haitoki ndani, na mimi nimechoka kucheza peke yangu.