Marobota Sita ya Majaribio

Jumatatu, 3 Juni 1996
Ghalani toka asubuhi. Tumbaku ya Ilembo, majani mazuri. Miaka kumi na tisa napanga majani kwa madaraja, na Mpanda nzima hakuna pua kama yangu. Niliwahi kunusa jani moja nikataja shamba, mwenye shamba, na mke aliyelivuna. Wa pili. Watu wakashika vichwa.
Chama cha ushirika kimeishiwa. Mishahara hatujaona toka Februari. Kampuni ya nje ndiyo itanunua sasa.

Alhamisi, 6 Juni
Meneja wa kampuni kafika. Mrefu, lakini namzidi. Anatupima kwa marobota sita. Yakipita, wanawake wote wa kuchambua majani wanaajiriwa. Yakikataliwa, tumbaku itapanda treni hivyo hivyo, ichambuliwe kwa mashine Morogoro. Msimamizi mimi.
Jioni nikawaambia majirani hapa Nsemulwa kwamba nimekula kuku na meneja. Hatukula. Skola aliamini. Binti wa marehemu dada yangu, mjane, watoto watatu. Hana kazi nyingine ila hii ya kuchambua.

Jumanne, 11 Juni
Jani kavu linavunjika, kwa hiyo tunalinyunyizia maji kabla ya kulishika. Mimi nanyunyiza sana. Chama kilipenda uzito, basi tuliupata majini, kila mtu akafurahi.
Skola kauliza kama maji hayajazidi. Nikamjibu mbele ya wenzake kwamba nilianza kunyunyiza yeye hajui kufunga kanga. Wakacheka. Akainama, akaendelea.

Jumatatu, 17 Juni
Wamefungua marobota. Harufu ilinifikia kabla kamba haijakatwa. Ukungu. Ndani meusi, yote sita.
Meneja hakufoka. Aliuliza tu nani aliamuru maji. Nikanyamaza. Mdomo wote huu. Skola ndiye aliyejibu, akasema ni mazoea yetu sote.
Sijala.

Jumatano, 19 Juni
Wanawake wote wameachishwa. Mimi nimebakizwa, mlinzi wa mlango. Nimekubali. Najichukia.

Jumapili, 23 Juni
Skola kaondoka kwenda Sibwesa, kulima kwa shemeji zake. Nilimbebea mtoto mdogo mpaka kwenye gari. Mtoto kalala begani, mzito. Nikamwambia Skola kosa lilikuwa langu, maji yalikuwa yangu. Akafunga kanga vizuri, akamchukua mtoto.
"Mjomba, mashine ya Morogoro waliinunua kabla hawajatuona."
Sijui kama ni kweli au kanionea huruma. Sikuuliza.

Ijumaa, 28 Juni
Behewa limejaa, limeondoka. Ghala tupu. Nimefagia, nimefunga mlango.
Jirani alipita jioni, akaomba nimsimulie tena ile ya kuku na meneja. Nikamwambia hatukula.