Kopo la Theodora

Jumatatu, 5 Julai 2004
Tumekimbia kutoka Karatu kupanda mpaka geti la hifadhi tena. Ukungu, masikio yamekufa ganzi. Theodora aliniacha kwenye mlima wa mwisho, nikamkamata wakati wa kushuka. Alinuna. Mimi nilifurahi.

Tumerudi chumbani, tumekoroga poda ya kuongeza nguvu kwenye maziwa. Mimi vijiko viwili, Theodora kimoja. Ladha ya chaki yenye sukari. Mwalimu Massawe, kocha wetu, alituletea makopo manne kutoka Nairobi, mawili yangu na mawili ya Theodora. Yangu yanakaribia kwisha. Yeye la pili hajalifungua. Anakunywa kwa kubana. Ndivyo alivyolelewa: wazazi wake walitoka Singida kuja kuchuma kahawa za watu, hata sabuni anaikata vipande.

Mchana nimepiga pasi mashuka ya hotelini ninakofanya kazi. Miguu mizito. Jumapili ni mbio za Arusha, na atakayeshinda anakwenda Ulaya Oktoba.

Jumapili, 11 Julai
Nimeshinda. Theodora wa pili, hatua chache nyuma. Nilimsikia akihema mpaka mwisho.

Baadaye mwanamke mwenye glavu alinipeleka chooni, akasimama akinitazama nikikojolea kichupa. Mshindi peke yake ndiye aliyepimwa. Halafu fomu. Andika dawa na virutubisho vyote ulivyotumia wiki hii. Nilimuuliza Mwalimu kama niandike poda. Akacheka.

“Ile ni chakula, Emiliana. Utaandika na makande?”

Na mimi nikacheka. Nikapiga mstari, nikatia sahihi.

Jumamosi, 24 Julai
Nyumbani Endabash. Baba amechinja kondoo. Miaka sita anasema mwanamke anayekimbia barabarani na kaptula ni kichaa. Leo alinishika bega mbele ya majirani, akawaambia huyu ni wangu. Nilitoka nje kulia. Mama alinifuata, akanipa kitenge nijifute.

Jumatano, 18 Agosti
Barua. Kiingereza. Mwalimu aliisoma dukani kwake, kati ya magunia ya mbolea, midomo ikicheza bila sauti. Mkojo wangu una kitu kinaitwa nandroloni. Ni dawa ya kujenga misuli. Nimesimamishwa.

Sijawahi kuchomwa sindano tangu chanjo ya surua.

Nilisema poda. Mwalimu alikunja barua, akaniambia nisilitaje jina lake popote. Ana mke, ana duka. Akanirudishia barua na kuanza kumhudumia mteja wa mbegu.

Ijumaa, 20 Agosti
Redioni wamelisoma jina langu lote, mpaka la babu.

Jumapili, 22 Agosti
Hotelini meneja ameibandua picha yangu ya ushindi pale mapokezi. Ametumia kisu cha siagi. Kaniambia nisichukie, ni kwa ajili ya wageni.

Bombani wanawake walikuwa wanaongea Kiiraqw, lugha ya kwetu. Nilipofika wakahamia Kiswahili, ili na wale wa kutoka Moshi waelewe na kucheka. Wananiita Dada Sindano.

Baba hajaja. Ametuma neno kwa kaka yangu: nisiende Endabash kwanza.

Jumanne, 24 Agosti
Theodora ndiye atakayekwenda Ulaya. Mwalimu amemtangazia mazoezini, mimi nikiwa nimesimama pale pale.

Jioni Theodora alimwaga kopo lake lililofunguliwa kwenye shimo la choo. Nilimwona. Alipogeuka akanikuta mlangoni. Alisuuza kopo, akalifanya la kuwekea mkaa. Vitanda vyetu viko umbali wa mkono mmoja.

Jumatano, 1 Septemba
Daktari mmoja mgeni hotelini, mzee wa Kijerumani, amenisaidia kuandika utetezi. Anasema mambo haya yanatokea: viwandani poda inachanganyika na dawa, kopo halisemi. Lakini kopo langu tupu halifai kitu, mtu anaweza kusema nililitia mwenyewe. Linatakiwa kopo ambalo halijafunguliwa, lenye namba ile ile chini. Na liwafikie watu wa riadha Dar kabla ya tarehe kumi.

Kopo hilo lipo. Liko ndani ya sanduku la Theodora, mita moja kutoka ninapoandika.

Alhamisi, 2 Septemba
Nimemwomba. Nimepiga magoti, kweli. Mimi niliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne.

Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaniambia taratibu:

“Dada, nikikupa watauliza limetoka wapi. Na mimi nafungiwa. Tutakuwa wawili. Itakusaidia nini?”

Nikasema itanisaidia jina langu.

Akasema nisubiri mpaka arudi, Oktoba, atanipa. Nikasema tarehe kumi. Akasema Oktoba. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alifunga fundo mara mbili, akatoka kwenda kukimbia.

Namchukia. Nimeandika neno hilo ili nione linavyoonekana. Linaonekana sawa.

Jumatatu, 6 Septemba
Alipotoka kwenda mazoezini nilifungua sanduku kwa kisu. Kopo lilikuwa limeviringishwa kwenye gauni lake la kanisani. Foili nzima. Namba ile ile.

Fomu ya utetezi ina sehemu mbili. Kwanza, nani alikupa. Nimemtaja Mwalimu. Pili, kama unamjua mwingine aliyetumia. Yule daktari alisema sehemu hiyo silazimiki kuijaza, kopo litajitetea lenyewe. Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa.

Nimeandika Theodora. Jina lake na la baba yake, kwa herufi kubwa zisomeke.

Nimepeleka mwenyewe stendi, fomu na kopo, viende Dar kwa basi. Mchana nimekula vizuri, kwa mara ya kwanza tangu barua.

Jumanne, 7 Septemba
Theodora amelikuta sanduku limevunjwa. Amekaa kitandani akishika lile gauni. Sikuomba msamaha. Amehamia kambi ya kahawa kwa wazazi wake. Kabla ya kutoka alifagia upande wake wa chumba.

Jumanne, 28 Septemba
Wamempigia Mwalimu simu dukani kutoka Dar. Kopo limekutwa na dawa, nandroloni ile ile. Nilisema kweli.

Theodora ameitwa Dar. Mwalimu naye.

Jumanne, 5 Oktoba
Wamerudi. Mwalimu aliwaambia hajawahi kuiona poda hiyo, sisi wasichana tulijinunulia kwa madereva wa watalii. Wamemwamini, au wameona afadhali kumwamini. Wakamgeukia Theodora. Angeweza kukana, mkojo wake hawakuwa nao. Kulikuwa na neno langu tu.

Alikubali. Alisema alikunywa, alisema alimwaga baada ya kusikia habari zangu. Walimuuliza mara mbili, akasema vile vile mara mbili. Nimeyasikia kwa Mwalimu mwenyewe, anayasimulia dukani kama kichekesho. Anasema msichana yule hajui hata kudanganya.

Alhamisi, 14 Oktoba
Hukumu. Mimi mwaka mmoja badala ya miwili, kwa kuwa sikujua. Yeye miwili, kwa kuwa alijua akanyamaza.

Ulaya hakwenda mtu wa Karatu.

Nilingoja furaha ije. Nilipiga pasi mashuka yote, hata yasiyo yangu.

Jumapili, 31 Oktoba
Baba amekuja. Kakaa mlangoni, kofia magotini. Amesema kwa kuwa kopo limeonekana, basi yamekwisha, nirudi nyumbani nikale. Halafu akauliza yule binti wa Kinyaturu niliyekuwa naye anaendeleaje. Nikasema sijui. Akasema alikuwa na adabu.

Mwalimu ana wasichana wapya watatu. Niliwaona wakipanda, yeye nyuma kwa pikipiki, akiwapigia honi.

Jumamosi, 20 Novemba
Nimekimbia peke yangu, njia ya mashambani, lami siiwezi bado kwa sababu ya macho ya watu. Kahawa inaisha kuchumwa. Theodora alikuwa mstari wa tatu kutoka njiani, na mama yake. Amefunga kilemba. Amenenepa kidogo mikononi.

Nilipunguza mwendo. Kikapu chake kilikuwa katikati ya njia. Alikiona, akanyoosha mguu, akakisogeza pembeni ili nipite. Mama yake akanisalimia, nikaitikia.

Nimepita. Mbele kuna bonde, halafu njia inapanda tena. Nimekimbia mpaka kwenye mikaratusi, nikarudi kwa njia nyingine.