Kumtafuta Mvivu wa Mtinko

Jumatatu, 14 Julai

Hili sijamwambia mtu, hata Nasma ninayekaa naye dawati moja: darasani majibu huwa nayajua. Si yote. Mengi. Ila nikifikiria kusimama, darasa zima ligeuke kunitazama, ulimi unakauka. Basi nanyamaza, na kwenye ripoti Mwalimu Hosea anaandika "apunguze aibu". Kama vile aibu ni chumvi.

Leo katangaza: Alhamisi wanakuja wageni wa elimu kuona kidato cha tatu tunavyofikiri. Neno lenyewe ni fikra tunduizi. Kaliandika ubaoni na maana yake, tukaikariri. Waliokosea wamekula fimbo. Yaani tunachapwa ili tuwe na mawazo huru.

Halafu mazoezi. Akiuliza, wote tunyooshe mikono. Anayejua wa kulia, asiyejua wa kushoto. Wageni wataona msitu wa mikono, na yeye anajua amchague nani. Kila swali lina mwenyewe. Mimi langu ni hili: kwa nini watu wa eneo letu ni maskini? Jibu nimepewa, kwa Kiingereza: because of laziness. Kwa sababu ya uvivu.

"Wewe sauti yako ya kuku mgonjwa," kasema, "ndiyo maana nimekupa fupi."

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma sasa.

Jumanne, 15 Julai

Mazoezi tena. Mwalimu anasisitiza: hoja bila mfano ni porojo. Nikashtuka. Je, mgeni akiniuliza mfano? Mimi sina hata mmoja. Nitasimama pale nimeganda kama nguzo ya umeme.

Nimeamua kumtafuta mvivu. Mmoja tu ananitosha.

Jumatano, 16 Julai

Nimeanzia nyumbani. Mama — hapana. Anatoka giza halijaisha kwenda kupiga alizeti, anarudi na makapi mpaka kwenye nyusi, anaanza kupika. Baba naye anapeleka ng'ombe maji, siku hizi ni mbali kweli, akirudi anashona magunia. Jirani yetu mama Ezekieli anauza vitunguu barabarani, mtoto mgongoni, upepo wote ule. Nikamuuliza Nasma kuhusu baba yake. Kasema dukani kwao wanafungua kabla ya adhana ya alfajiri, kisha akanicheka: "Unamtafuta mvivu kama kuku aliyepotea!"

Jioni nikampata. Baba mdogo Gasto. Anacheza drafti kuanzia chai mpaka chai, akichoka anahamia upande wenye kivuli. Nilifurahi kweli. Halafu nikakumbuka nyumba zake za Mandewa, kule mjini, alizoachiwa na babu. Wapangaji wanamtumia kodi kwenye simu. Mvivu pekee niliyemwona Mtinko, na si maskini.

Hapana, nimeruka. Kabla ya baba mdogo, saa ya mapumziko, nilikwenda ofisi ya walimu. Mimi! Nikamwambia Mwalimu Hosea kwamba jibu lile, samahani mwalimu, naona halina mfano. Hakukasirika hata. Aliendelea kumenya chungwa.

"Anastazia, jibu si lako. Lako ni kulisema."

Nikasema lakini mama yangu —

"Mtihani wa taifa utakuuliza mama yako anaamka saa ngapi?"

Walimu wengine wakacheka. Safari hii sikucheka.

Alhamisi, 17 Julai

Nimesema.

Niandike vizuri. Wageni walikaa nyuma. Msitu wa mikono ukaota, swali langu likafika, nikasimama, nikasema because of laziness. Makofi. Nikawa nakaa. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akasema, "Subiri binti, tupe mfano."

Mwalimu akakohoa. Akasema muda umekwisha, tuendelee. Yule mama akasema hana haraka.

Kiingereza chote kilinikimbia. Nikauliza kama naweza kusema Kiswahili. Akasema sema.

"Mfano sina, mama. Nimeutafuta, nimekosa. Mama yangu anapiga alizeti tangu giza halijaisha na bado sisi ni maskini. Mvivu ninayemjua ana nyumba za kupangisha. Kwa hiyo naona uvivu siyo jibu. Labda tungeuliza bei ya alizeti anaipanga nani."

Nasma akaniminya paja chini ya dawati. Yule mama akaandika kitu, akatabasamu, wakanywa soda, wakaondoka na gari lao. Sisi tukabaki na Mwalimu Hosea.

Hakunipiga. Alinipeleka kwa mkuu wa shule. Mkuu kasema nimeidhalilisha shule mbele ya wageni. Mzazi aje kesho. Na Jumatatu nisimame mstarini, shule nzima, niombe radhi na nilitoe jibu kama nilivyofundishwa. Nikikataa, nirudi nyumbani.

Kwangu mimi kurudi nyumbani maana yake ni Shelui. Shangazi Janeth anataka msichana wa kuosha vyombo kwenye hoteli yake, pale malori yanapolala. Baba alishasema zamani: ukifukuzwa tu, unakwenda kwa shangazi yako.

Walitaka tufikiri. Nimefikiri!

Ijumaa, 18 Julai

Baba alikwenda na koti lake la kanisani. Amerudi sasa hivi, jua bado halijazama. Yuko uani na mama anayepeta alizeti, wanaongea Kinyaturu kwa sauti ya chini, lakini dirisha langu halina kioo.

Anamweleza. Mkuu alimuuliza: mzee Mughwai, huko kwenu uvivu upo au haupo? Naye kajibu: "Upo, mkuu. Sisi ni wavivu kweli. Mtoto ni mtoto, msamehe." Wamekubaliana nibaki shule. Jumatatu nitasema.

Ungo wa mama ukasimama. Halafu:

"Ulisema sisi? Na mimi?"

"Nilitaka abaki shule."

"Nakuuliza, na mimi?"

Baba amevua koti, analikunja.

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Sijui nimkasirikie nani. Baba, aliyeinamisha kichwa kwa ajili yangu? Mwalimu anayekula mafuta ya alizeti ya mama kwenye kila chapati? Na Jumatatu mama atakuwa shambani wakati mimi nasema mbele ya shule nzima kwamba ni mvivu.

Baba amenyanyuka. Anakuja huku, nasikia makubazi. Atasema, "Mwanangu, utasema tu, yaishe." Kwetu mtoto hamhoji baba. Wageni walikuwa rahisi zaidi.

Nitamwamkia kwanza. Halafu nitamuuliza: baba, uliamini ulichomwambia mkuu? Na nitasubiri anijibu, hata kama atanyamaza mpaka usiku uingie.

Yuko mlangoni. Naweka hii chini ya godoro —