Jua Limerudi Katikati ya Mtaa

Juu ya Duka la Viatu,
Mtaa wetu ule ule,
Jumapili, 3 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Twiga,

Pokea salamu za dada yako. U mzima? Kikohozi kimekuachia, au bado unalala dirisha wazi kama anayemsubiri mwizi? Sisi hatujambo, ila macho ya mama yamezidi kufifia. Sasa anaona mwanga na vivuli tu, na daktari anasema huenda hata huo mwanga usifike mwakani.

Jua limerudi mtaani. Unakumbuka linavyotua katikati kabisa ya barabara, kati ya benki na duka la dawa, watu wote wanatembea wamekinga nyuso? Limeingia hadi nyuma ya cherehani yangu, nikaziona pini zote nilizokusingizia wewe kuzipoteza.

Jioni kama hii ndiyo uliyoondoka. Ulipofika kwenye kona uligeuka kutupungia, lakini jua lilikuwa nyuma yako, tukaona kivuli kirefu na begi. Mama hulirudia hilo mpaka leo, kwamba ulimuaga na uso hakuuona.

Juzi nilimwekea kiti chini, kwenye mlango wa barabarani. Akatokea msoma mita, mrefu kama wewe, begi begani, anatoka upande wa jua. Mama akasimama. "Twiga! Nilijua tu!" Yule kaka wa watu hakukana. Alichuchumaa, akampa uso aupapase. Mama alipofika masikioni akacheka: "Samahani baba, wangu ana masikio makubwa kuliko haya. Haya, nenda kazini."

Tukacheka sote. Kisha mama akakataa kuingia ndani mpaka jua likazama, na nikamwona akijifuta macho kwa mkono wa gauni. Nami nikajifanya natunga uzi kwenye sindano.

Sikulaumu, najua kazi imekubana. Lakini nimekukumbuka, Twiga, hata ubishi wako nimeukumbuka.

Mjomba kinyozi anakusalimu, anauliza kichwa chako sasa anakiharibu nani. Shangazi na mapacha wake nao wanakusalimu. Mungu akutangulie uendako na akurudishe.

Jua litapita tena hapa Oktoba. Njoo jioni, utokee kwenye kona ile ile, na usiite mtu. Tembea tu. Nitakuona mapema, lakini nitanyamaza, nimwache mama akuite yeye.

Wako akupendaye daima,
Dada yako fundi