Kosa la Kumtaja Zuweina

Maskati, Jumatano, Aprili 1969

Kosa ni langu mwenyewe. Lau nisingelimtaja Zuweina, hoteli yetu ya Bujumbura ingelikuwa bado ipo kwenye karatasi yetu ya hesabu ya safari.

Mwaka mzima mimi na mume wangu Nassor tunaweka rupia kwa ajili ya siku saba katika hoteli ile ya kando ya ziwa. Chumba chenye roshani, chakula unaletewa, mashuka anafua mtu mwengine. Leo baada ya chai mamamkwe kauliza, "Huko Burundi mna nani?"

Nami, mpumbavu, nikajibu, "Yupo dada yangu Zuweina."

"Nduguyo ana nyumba, nawe ukalale hoteli? Watu watasema mmegombana!"

Basi Nassor akashika kalamu. Halua makopo manne. Uudi. Kanga za Zuweina na za binti zake. Kitambaa cha kanzu cha mumewe. Kila zawadi ikiingia, usiku mmoja wa hoteli unatoka, mpaka haukubaki hata mmoja.

Nampenda dada yangu. Lakini nnajijua, nikifika kwake nitavua buibui niingie jikoni, kama hapa. Nimechoka. Hata mlio wa sufuria nimeuchoka.

Kitambaa cha shemeji sitakinunua; rupia zake zinatosha usiku mmoja. Nassor bado sijamwambia.

Na barua ya kumwarifu Zuweina safari yetu ya mwezi ujao nimeshaiandika. Nimemwambia tutafika Jumamosi.

Ndege inatua Ijumaa.